Sekretere wa Kisima

Mwanzilishi wa watu wa Kisima nimemchapa mara tatu kwa vidole vyangu, na mara zote tatu alikuwa mtu mwingine. Nina kibanda cha kuchapa maandishi hapa Kasongo: kompyuta moja, mashine moja ya kopi, sola juu ya bati. Anayetaka kuandika maisha ya mkubwa fulani hapa mjini lazima apite kwangu. Wa kwanza alikuwa mpwa wa Mwanzilishi. Kwake yeye mzee alizaliwa na meno mawili, siku ya radi, katika nyumba ya machifu. Wa pili alikuwa mtafiti wa chuo kikuu, mwenye miwani na kinasa sauti. Kwake Mwanzilishi alikuwa mpinzani wa serikali aliyejificha nyuma ya sala, na kisima kilikuwa alama. Nilimwuliza alama ya nini, akaniambia nichape tu. Wa tatu alikuwa Sekretere. Kwake Mwanzilishi hakuzaliwa kabisa. Daftari lilianza na fundi cherehani mwenye goti bovu, anasukuma baiskeli kutoka Salamabila, amebeba suruali ambazo wachimba dhahabu wamekataa kununua.

Ni huyo wa tatu ninayetaka kumweleza. Mwanzilishi ameandikwa vya kutosha, na kila aliyemwandika alimwachia nguo mpya na kuondoka na ngozi yake. Aliyekuwa anaandika hakuandikwa na mtu. Watu wote walimwita Sekretere, hata mkewe, hata sisi majirani ambao si wa dini yake. Jina lake nalijua na silisemi, kwa sababu mwenyewe alilikata kwenye kila ukurasa aliowahi kuniletea.

Ua wetu na wake vilitenganishwa na uzio wa mabua, na uzio wenyewe ulikuwa na tundu ambalo mimi na binti yake tulilipanua kila mwaka. Sisi ni Waislamu wa mji, wao walikuwa watu wa mashamba waliohamia. Katika Idi, mama yangu alipitisha sahani juu ya uzio. Katika Noeli, sahani ilirudi na kitu kingine. Binti yake alikuwa wa umri wangu, miaka sita, na alikuwa na tabia ya kunusa kila kitu kabla ya kukila. Nasema hayo mapema kwa sababu kila kitu kinachofuata kinamhusu yeye, na kwa sababu katika kitabu kilichochapishwa, nilichokichapa mimi, hanusi kitu. Yumo tu kwa mistari minne, anapona.

Sekretere alikuwa na kalamu tatu mfukoni mwa shati. Ya samawati iliandika yale Mwanzilishi aliyosema kwa kinywa chake. Nyeusi iliandika yale watu waliyoyaona. Nyekundu ilikuwa ya tarehe. Hakuchanganya hata siku moja. Mtu akija na habari, swali lake lilikuwa moja: "Uliona, ao walikuelezea?" Ukisema uliona, anakuuliza ulikuwa umesimama wapi. Ukisema ulielezewa, anakuuliza na nani, kisha anamtafuta huyo mtu hata kama anakaa ng'ambo ya mto Lualaba. Sisi watoto alituuliza hivyo hivyo. Nikienda kumshtaki binti yake kwamba amenipiga, ninaulizwa niliona ao nilielezewa, nami mgongo bado unaniuma.

Alisahihisha kila kitu. Matangazo ya vifo yaliyobandikwa ukutani aliyasahihisha kwa kalamu nyekundu, kwa heshima, pembeni, na mara moja alimwandikia imamu wetu barua ndefu kumweleza kwamba tangazo la mwezi lina kosa la siku. Imamu alicheka, lakini alibadilisha. Mama yangu alisema mtu wa namna hii mkewe anapata taabu. Sivyo. Mkewe alikuwa mwanamke mwenye maneno mengi na chumvi nyingi, na Sekretere, ambaye asingemsamehe askofu kosa la tarehe, alimsikiliza akiongeza samaki mmoja akawa kumi, akatabasamu, akanyamaza. Kwa mkewe hakuuliza aliona ao alielezewa. Niliwahi kudhani hilo ni jambo dogo.

Sharti nieleze desturi yao, maana bila hiyo utamwona Sekretere ni mwongo kama wengine, au ni mjinga, na hakuwa yeyote kati ya hao.

Watu wa Kisima hawana kitabu kingine zaidi ya Biblia na Maisha ya Mwanzilishi. Maisha hayo huandikwa kwa mkono katika daftari, na kila mwaka, wakati wa kiangazi, husomwa yote kwa sauti kando ya kisima chenyewe, kule Kabambare, tangu asubuhi. Wakimaliza kusoma, yeyote mwenye jambo alilolijua juu ya Mwanzilishi anasimama, anakunywa kikombe cha maji ya kisima, na anasema mara moja tu. Kinachosemwa baada ya kunywa ni kweli, na lazima kiandikwe. Kisha Sekretere anarudi nyumbani, anachukua daftari jipya, na ananakili Maisha yote upya pamoja na yaliyoongezwa. Daftari la zamani linafukiwa kwenye matope ya kisima. Kuongeza kuna sheria. Kuondoa hakuna sheria yoyote, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kuna kitu cha kuondoa. Na Sekretere mwenyewe haruhusiwi kunywa na kusema. Yeye ni mkono, si kinywa. Habari za nyumba yake haziingii, isipokuwa mtu mwingine anywe na kuzisema.

Sisi pia husoma maisha. Babu yangu alisoma maulidi kwa sauti iliyofanya wanawake walie nyuma ya pazia. Lakini katika maulidi hakuna anayesimama katikati kusema naye ana la kwake. Unayasoma yalivyo, unafunga kitabu, unakula pilau. Nilipomwambia Sekretere hivyo, nikiwa msichana mwenye kiburi cha shule ya sekondari, alifunika kalamu yake. Akasema tumebahatika.

Mwanzilishi aliyemjua yeye hakuwa na meno ya kuzaliwa nayo wala hakujua serikali ni ya nani. Walikuwa marafiki kabla ya dini. Alikuwa fundi mbaya, suruali zake mguu mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine, na ndiyo sababu wachimba dhahabu walimrudishia mzigo. Aliogopa mbwa. Alipenda karanga za kukaanga kiasi cha kuzificha asigawe. Aliimba nje ya sauti, na kwa sababu hiyo nyimbo za Kisima mpaka leo zina sauti zilizopinda ambazo kwaya inaziimba kwa makini sana. Alikuta kisima akiwa na homa, akanywa, akalala chini ya kichaka, akaamka mzima. Akaanza kuwaombea watu pale, na watu wakaja. Kwa kalamu ya samawati, Sekretere aliandika maneno yake juu ya siku ile: "Ni maji, ni Mungu, ao pengine ni kupumzika tu."

Hayo maneno ya mwisho yamo bado, hakuna aliyeyatoa. Ila mwaka mmoja mzee fulani alikunywa akashuhudia kwamba Mwanzilishi alisema hivyo kwa unyenyekevu. Kisha mwingine akashuhudia kwamba kupumzika maana yake ni siku ya sabato. Mwanzilishi aliyeandikwa na watu wengi hufunikwa hivyo, neno juu ya neno, hadi yule mtu wa karanga haonekani tena. Sekretere aliniambia alijua jambo hilo tangu mwaka wa pili baada ya mazishi ya Mwanzilishi, akaendelea kunakili.

Alilinakili daftari lile hata miaka ya vita. Tulipokimbilia msituni, watu walibeba masufuria na magodoro. Yeye alibeba kidumu cha plastiki kilichokatwa shingo, daftari ndani, kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Baba yangu alimtukana kwa kuacha unga. Jioni, chini ya turubai, alitoa daftari akalikagua ukurasa kwa ukurasa kama limelowa. Nilimwona mkewe akimtazama. Sikuelewa kwamba alikuwa anaangalia kama ukurasa wa binti yao uko salama.

Sasa nifike kwa binti.

Alishikwa na homa wakati wa mvua. Hospitali iko hapa hapa Kasongo, kutoka kwetu ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Walimfunga mgongoni kwa mama yake, Sekretere akasukuma baiskeli, wakapita mbele ya lango la hospitali, wakaendelea na njia ya Kabambare. Siku mbili, kwenye matope. Nilisimama kwenye tundu la uzio nikawaona wakiondoka, na hilo ni miongoni mwa mambo machache ambayo kwa kweli niliyaona mwenyewe. Walirudi wawili. Mama yangu alivuka uzio, nikasikia kilio, kikakatika ghafla. Mama aliporudi alinishika mabega akaniambia nikiulizwa niseme rafiki yangu amebaki Kabambare kwa shangazi yake. Akaongeza nisimwulize yule mama habari za binti yake, kamwe.

Binti alizikwa kule, karibu na maji, maana kumrudisha njia ile haikuwezekana. Kaburi ambalo mama hawezi kulifagia linamfanyia mtu kitu. Mwaka wa kwanza alikuwa akilia kama watu wote. Mwaka wa pili alianza kusema "kwa shangazi" hata kwetu sisi tuliojua. Kila alipopata kitambaa alimshonea binti nguo akaiweka kando, akipima kwa mwili wangu, akisema huko aliko atakuwa sawa na wewe. Nilisimama nikapimwa. Mama yangu alitazama pembeni.

Mwanzilishi naye alivunjika moyo. Sekretere alinieleza baadaye kwamba ni yeye aliyechimba kaburi kwa mikono yake, goti bovu na yote, bila mtu mwingine kuwepo, na tangu siku ile hakumgusa mtoto mwenye homa. Aliwarudisha wote. Alisema: "Mutoto wa homa, opitali kwanza. Kisima hakikimbii." Sekretere aliandika maneno hayo kwa kalamu ya samawati. Hakuandika kwa nini yalisemwa. Habari za nyumba ya Sekretere haziingii, ndiyo desturi, naye aliifuata desturi hadi kwenye kaburi la mwanawe. Mtu aliyemtafuta shahidi hata ng'ambo ya mto aliacha nafasi tupu pale ambapo shahidi alikuwa yeye mwenyewe. Nimemlaumu kwa mengi, ila hili ndilo kosa lenyewe, na alilifanya kwa adabu.

Mwanzilishi alikufa miaka miwili baadaye. Kwenye usomaji wa kwanza baada ya kifo chake, mke wa Sekretere alisimama. Alikunywa kikombe. Akasema kwamba binti yao aliletwa pale na homa, macho yamegeuka, na Mwanzilishi akamnyunyizia maji, akainuka saa ile ile, akaomba chakula, na sasa anakaa vizuri kwa shangazi yake. Watu walipiga vigelegele. Sekretere alikuwa ameketi na daftari magotini. Angeweza kusema hapana. Lakini mkono hausemi, na zaidi ya hapo, kwa sheria yao, anayesema uongo baada ya kunywa anafukuzwa, na wapendwa wake wanakatazwa kula naye. Alimtazama mkewe, akaona uso ambao hakuwa ameuona tangu msiba. Akatoa kalamu nyeusi, ile ya mambo ambayo watu waliyaona.

"Nilisema ni mwaka mmoja tu," aliniambia. "Mwaka wa kufuata atatulia, tutatafuta namna."

Mwaka uliofuata mtu mwingine alishuhudia kwamba yeye pia alikuwepo. Na mwaka wa tatu Prezida wa komite yao, mtu mzuri, mpole, aliuliza swali la haki kabisa: ikiwa binti aliponywa na maji, kwa nini Mwanzilishi alisema hospitali kwanza? Wakajadili. Wakapata jibu, nalo likashuhudiwa na kuandikwa. Mwanzilishi alisema vile ili kuwapima wenye imani haba. Mwenye imani akiambiwa aende hospitali, anashuka kisimani.

Ninakaa na jibu hilo mara nyingi. Sioni mtu mbaya ndani yake. Mama mwenye uchungu, baba mwenye huruma, wazee wenye kutaka maneno yakubaliane. Nimechapa maisha ya watu wengi na najua kazi hiyo ya kukubalisha maneno, naifanya mwenyewe mteja akileta kurasa mbili zinazopigana. Inanikatisha tamaa kuliko kama kungekuwa na mwongo mmoja wa kumshika shati.

Miaka mitano iliyopita komite iliamua Maisha yachapishwe, kitabu kidogo chenye jalada la buluu. Sekretere aliketi kwenye kibanda changu majuma mawili akinisomea, nami nachapa. Alisoma vizuri, alama zote, hata nukta aliitamka. Tulipofika ukurasa wa binti, aliniwekea daftari mbele yangu akasema anaenda kunyoosha miguu. Nilibaki peke yangu na jina la rafiki yangu katika mwandiko wa baba yake. Nilijua. Nilikuwa nimepimwa nguo za maiti. Nikachapa mistari minne, nikasahihisha herufi moja, nikaendelea. Aliporudi hakuniuliza nimefika wapi, nami sikumwuliza aliona ao alielezewa. Hiyo ilikuwa nafasi yangu na niliipoteza, na sina desturi yoyote ya kusingizia.

Kitabu kilikwenda mbali kuliko daftari. Siku moja mke wa mvuvi kutoka Nyangwe alishuka kwenye pikipiki mbele ya kibanda, mtoto mgongoni, akaomba kuketi kivulini kwangu wakati dereva anatafuta mafuta. Mtoto alikuwa anachemka, niliona kabla hata sijamgusa. Nilimwambia hospitali ndiyo ile, paa lake linaonekana, nitafunga kibanda nimpeleke mwenyewe. Alitoa kitabu cha buluu, kimefungwa vizuri kwa plastiki, akanifungulia ukurasa wangu. Alijua kusoma. Alinisomea mistari yangu minne kwa kidole, taratibu, kama mtu anayemfundisha mwingine. Dereva akarudi. Siku ya sita alipita tena akirudi, mgongo mtupu, na alinisalimia.

Jioni ile nilikwenda kwenye uzio nikamweleza Sekretere kila kitu. Mkewe alikuwa ndani, mgonjwa tayari, anasikika akikohoa. Alinisikiliza akiwa ameshika bua moja la uzio.

"Iko mama yake ndani, binti yangu," akasema. "Nikisema sasa, watamutoa. Atakufa bila mutu wa kumulilia. Unipe tu wakati mpaka aende."

Nilimwambia watoto hawasubiri. Nilimwambia kwa sauti ambayo mtu wa umri wangu hamsemeshi nayo mzee. Alikubali kila neno, na hakubadilisha kitu. Alimsubiri mkewe miaka miwili na nusu, akimlisha kwa kijiko, akimchemshia maji, akimsikiliza akizungumza na binti yao ambaye, kwa hesabu ya mama huyo, sasa alikuwa na watoto wake kule kwa shangazi. Sijawahi kuona mume aliyemtunza mke namna ile. Sijui nifanye nini na jambo hilo. Upande mmoja wa uzio nilimpenda, na upande mwingine nilihesabu wiki.

Mke alikufa mwanzoni mwa mwaka huu. Baada ya matanga, Sekretere aliandika barua ya kuacha kazi, tarehe kwa kalamu nyekundu, akawakabidhi wazee wa komite kalamu zake. Walimweka mwalimu mmoja wa shule ya msingi mahali pake. Kisha akaja kibandani, akiwa ameoga, amenyoa, akasema kwamba sasa si mkono tena, anaweza kunywa kikombe kama mtu yeyote, na aliomba nimsindikize Kabambare. Alitaka nisikie kwa masikio yangu ili toleo la pili la kitabu nilichape sawasawa. Nilikubali kabla hajamaliza. Nilifurahi, nakiri. Njia nzima, pikipiki zikizama na kupanda, niliwaza kwamba alau jambo moja hapa duniani litanyooshwa.

Sikuwahi kufika kisimani kabla ya hapo. Ni maji kidogo yanayotoka chini ya jiwe, na tope zito upande mmoja, yalikolala madaftari yote. Watu walikuwa wengi, wameketi kwenye mikeka mlimani, wanawake wenye watoto wagonjwa mbele kabisa. Walinipa nafasi kwa upole ingawa mtandio wangu ulionyesha mimi ni wa wapi. Mwalimu alisoma Maisha mpaka jua likapinda. Alipofika mistari minne, wanawake wa mbele waliitikia kwa pamoja, wanaijua kwa moyo. Kisha Prezida akauliza nani ana neno.

Sekretere aliinuka. Alikunywa kikombe chote, akakirudisha, akafuta mdomo.

"Miye nilikuwa Sekretere wenu," alisema. "Leo siko tena mukono. Mutoto wangu hakupona. Alikufa hapa, asubuyi, nilikuwa nimemushika. Mwanzilishi mwenyewe alichimba kaburi, iko pale nyuma ya mawe. Nyuma ya kuchimba ndiyo alisema mutoto wa homa opitali kwanza. Hakuwa anapima mutu. Alikuwa analia."

Nilimtazama Prezida nikaona machozi yanamtoka, ya kweli. Alikwenda kwa Sekretere akamkumbatia muda mrefu. Kisha akageuka kwa watu.

"Mumesikia," alisema. "Na mama yake alikunywa maji haya haya, akashuhudia mutoto alikuwa muzima. Bote wawili walikunywa. Maji hayasemi uongo. Sisi hatukujua kama mutoto alifika kabisa mu kaburi. Mwalimu, andika: alikufa, akazikwa, na akafufuka."

Nikaona mwalimu anaandika. Nikaona kalamu nyeusi ndiyo anayotumia.

Sekretere aliinua mkono aseme tena, lakini ni mara moja tu kwa mwaka, na alijua hivyo kuliko mtu yeyote pale, na hata hivyo vigelegele vilikuwa vimeshaanza. Kwaya iliingia na sauti zake zilizopinda. Mkono ulishuka wenyewe. Nami niliyekuja kusikia kwa masikio yangu sikufungua kinywa. Nilikaa nimeshika viatu vyangu. Ningesema nini? Kwamba nilisimama kwenye tundu la uzio? Wangenipa kikombe, wangeniandika, na mwaka ujao wazee wapole wangepata mahali pa kuniweka.

Baadaye nilimtafuta, nikamkuta kwenye njia nyembamba inayoshuka kisimani, amesimama katikati. Kina mama walikuwa wanashuka mmoja mmoja na watoto wao. Alikuwa anamzuia kila mmoja, anaweka kiganja juu ya paji la mtoto, anamwambia kwa upole kwamba yeye ndiye baba, kwamba mtoto wake alikufa, kwamba kuna pikipiki pale juu na atatafuta namna ya kumfikisha hospitali leo hii. Mama wa kwanza niliyemsikia alikuwa mdogo, hajafika miaka ishirini. Alipiga goti, akashika mkono wake kwa mikono yake miwili.

"Aksanti, Papa, kwa kunipima," akasema. "Sitaanguka." Akapita pembeni yake, akashuka.

Nilimwambia twende, madereva wanangoja, njia ile haifai gizani. Alisema bado kuna wengine. Nikakaa juu ya jiwe nikamsubiri. Alimwambia kila mama maneno yale yale, bila kuongeza wala kupunguza, na kila mama alipiga goti, akamshukuru, akashuka na mtoto wake majini.